Nilipewa dawa ya usingizi, kumbe ni ya sonona

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 42, naishi Morogoro. Nina kibanda karibu na soko, cherehani mbili na oveloki ya kuazima. Mume wangu ni dereva wa lori, anapakia Dar es Salaam kwenda Tunduma na mara nyingine anavuka hadi Zambia, kwa hiyo nyumbani tunamwona kila baada ya wiki mbili au tatu. Tuna watoto watatu. Mkubwa yuko kidato cha tatu, wa mwisho ana miaka mitatu na nashinda naye kibandani, anacheza na vifungo na vipande vya vitambaa huku mimi nashona. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa mtaani nikimwambia mtu leo, kesho nitayasikia sokoni yameshatiwa na lesi.

Mwishoni mwa mwaka jana usingizi ulinikimbia. Najilaza saa sita nikiwa hoi, saa nane macho makavu, naanza kuhesabu madeni. Nakiri kwako, chanzo nakijua. Oktoba nilipata oda ya sare za harusi, nguo 40 za kitenge. Sikuwa na mtaji, nikaenda kwa hawa wakopeshaji wa riba kubwa tunaowaita kausha damu. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe harusi ikavunjika. Vitambaa nimeshakata, na marejesho ni kila wiki. Nikakopa kwa mwingine nimlipe wa kwanza. Mpaka leo mume wangu anajua ile oda ilikwenda vizuri. Simu ikilia natetemeka, moyo unadunda kama mtu anayefukuzwa.

Februari nikaenda hospitali. Foleni ilikuwa ndefu, daktari kijana, mpole, lakini nilikaa naye dakika chache tu. Nikamwambia silali na nina wasiwasi. Hakuuliza kwa nini, na mimi sikusema. Akaniandikia amitriptilini ya miligramu 25, meza kimoja usiku, itakusaidia kulala, rudi baada ya wiki nne. Sikurudi. Vilipoisha nikawa nanunua mwenyewe duka la dawa kwa kuonyesha pakiti tupu.

Kulala nimelala, Mama, siwezi kusema uongo. Usiku wa kwanza nililala fofofo mpaka mtoto akaja kunifungua macho kwa vidole. Lakini yaliyofuata hakuna aliyeniambia.

Kwanza mdomo. Naamka ulimi umegandana na kaakaa. Sisi mafundi tunalowesha ncha ya uzi kwa mate ndipo tunautunga kwenye sindano. Sina mate ya kulowesha uzi. Na hata nikiulowesha kwa maji, tundu la sindano silioni, naliona kama ukungu, namwita binti anayenisaidia anitungie. Choo napata baada ya siku nne, kwa taabu. Unene ndio usiseme. Nimejipima kwa futi kamba yangu mwenyewe, kiuno kilikuwa inchi 33, sasa ni 37, na njaa ya usiku siielewi. Asubuhi kichwa kizito mpaka saa nne. Mwezi wa nne nilikata kitenge cha mteja, waksi nzuri aliyoletewa na dada yake, nikakata mbele mbili, nyuma hakuna. Nikamdanganya cherehani imeharibika. Kitenge bado kipo kabatini.

Mwezi wa tano nikaugua malaria, nikapima, nikapewa dawa mseto. Wiki hiyo nilidhani ndiyo nakwenda. Moyo mbio, nikisimama dunia inazunguka, na alfajiri moja nilianguka bombani na ndoo juu yangu. Nikasema ni malaria.

Halafu mume wangu. Hamu ya tendo la ndoa imekatika kabisa. Akirudi safari nageukia ukutani. Safari iliyopita aliniuliza kwa sauti ya chini, "Kuna mtu?" Nikalia, na kulia kwenyewe akakuchukua kama jibu.

Lililonifikisha kwenye kalamu ni hili. Wiki tatu zilizopita dukani nilimkuta muuzaji mwingine. Akaitazama pakiti, akanitazama mimi, akasema mbele ya watu, "Mama, unajua hii ni dawa ya wagonjwa wa akili?" Nilirudi nyumbani mikono inatetemeka. Mwanangu mkubwa akanisomea kile kikaratasi cha ndani, akaniambia ni dawa ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Kwa hiyo mimi ni wa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili, na sikuambiwa? Siku hiyo hiyo nikaacha. Usiku tatu sikufumba macho, kichefuchefu, kichwa kinagonga, hasira, mtoto nilimchapa bila sababu. Nikarudi kumeza. Sasa nimekuwa teja wa vidonge?

Kazi za haraka huwa nazishona usiku kwa chai ya rangi iliyokolea, namaliza kwenye saa tano, nameza kidonge, nalala, saa kumi na moja naamka. Vumbi la vitambaa linanipa mafua, kwa hiyo na piriton nameza karibu kila siku. Vidonge vyenyewe nimevificha kwenye kopo la vifungo, maana ndiyo sehemu pekee ambayo mume wangu hana shughuli nayo.

Niache? Niendelee? Nimwambie mume wangu? Na yule daktari, kwa nini alinificha?

Fundi, Morogoro

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama muuguzi mstaafu, natafuta dawa na maudhi yake. Mara ya pili nikasimama kwenye lile kopo, na huko ndiko nitakakoanzia kabla ya jambo lingine lolote.

Mwanzoni umeniambia kuna mtoto wa miaka mitatu anayeshinda anacheza na vifungo. Mwishoni umeniambia vidonge vimo kwenye kopo la vifungo. Sentensi hizo mbili uliziandika mbali mbali, pengine ndiyo maana hukuziona zikikutana. Amitriptilini ikizidi hushambulia moyo, huleta degedege, na kwa mtoto wa umri huo vidonge vichache tu vinaweza kuua. Kidonge kidogo, cha mviringo, chenye rangi na kilichopakwa ganda laini, kwa mtoto ni kifungo kitamu. Usimalize kusoma jibu hili. Nenda kavitoe, uviweke juu, mahali penye kufuli, kisha urudi. Na ikitokea siku ukahisi amemeza, hata kama huna hakika, ni hospitali muda huo huo na pakiti mkononi. Usimtapishe, usingoje kuona dalili.

Umerudi? Tuendelee.

Nikikusikia vizuri, unaniambia hivi. Ulikosa usingizi kwa sababu unayoijua. Ulipewa dawa kwa jina la usingizi, usingizi ukaja, lakini ukaja na mdomo mkavu, macho yenye ukungu, tumbo lililofunga, uzito, kizunguzungu, na kitanda cha ndoa kilichopoa. Kisha mtu baki akakwambia mbele za watu kitu ambacho ulistahili kuambiwa faraghani na aliyekuandikia dawa. Sasa huiamini dawa, humwamini daktari, na mbaya zaidi umeanza kutojiamini mwenyewe.

Hasira yako ina haki yake. Mtu akipewa dawa, anapaswa kuambiwa ni dawa gani, ya nini, na itamletea nini mwilini. Dakika mbili za ziada zingekuokolea mengi. Ila neno "alinificha" naomba tuliguse polepole. Dawa moja inaweza kuwa na kazi nyingi. Aspirini tuliijua kama dawa ya kichwa, na leo wagonjwa wa moyo wanaimeza ili damu isigande. Amitriptilini iliruhusiwa Marekani mwaka 1961 kama dawa ya sonona, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977. Lakini mimi kwa mikono yangu nimewapa wenye kisukari ambao nyayo zinawaka moto usiku, nimewapa waliobaki na maumivu baada ya mkanda wa jeshi, nimewapa wa kipanda uso. Zamani tuliwapa hata watoto vikojozi. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa kichaa. Kwa sonona yenyewe watu wazima wengi hufikishwa miligramu 75 hadi 150 kwa siku. Wewe uko kwenye 25, kipimo ambacho madaktari wengi hukitumia kwa maumivu na kwa kulaza.

Na hata ingekuwa sonona, mwanangu, kwani kuna nini? Mtu anayeamka saa nane kila usiku, anayetetemeka simu ikilia, aliyepoteza hamu, anayelia bila kujua aseme nini, huyo amechoka mahali ambapo macho hayafiki. Mimi siwezi kukupima kwa barua. Nasema tu kwamba jina hilo lisikutishe kuliko maudhi yenyewe. Mirembe nako, kwa taarifa ya wanaotaniana mitaani, ni hospitali, na watu huenda, hutibiwa, hurudi nyumbani.

Sasa mwili wako. Umeorodhesha kama magonjwa matano, lakini mengi ni kazi ya mkono mmoja. Neva zetu zina mjumbe anayepita akiambia tezi zitoe mate, utumbo usukume, kibofu kiminye, jicho lijikaze lione karibu. Amitriptilini humzibia njia mjumbe huyo. Ndiyo maana uzi umekosa mate na tundu la sindano limeingia ukungu kwa wakati mmoja. Inazuia pia kemikali inayotuweka macho, hapo ndipo usingizi ulipotoka, na njaa imetoka mlango huo huo. Na inalegeza mishipa, hivyo ukisimama ghafla damu inachelewa kufika kichwani. Vikojozi tuliowapa walinufaika na hiki hiki ambacho kwako ni adha.

Piriton nayo inamzibia njia mjumbe yule yule, na inalaza. Umekuwa ukimeza vitu viwili vinavyovuta kamba upande mmoja. Hukumwambia daktari kwa sababu nani anaihesabu piriton kuwa dawa? Wengi tunaimeza kama pipi. Naye muuza duka hakukuuliza.

Wiki ya malaria ndiyo iliyonifanya nivae miwani vizuri. Dawa mseto ya artemetha na lumefantrini inaweza kukizuia kimeng'enya kinachosaidia ini kuivunjavunja amitriptilini. Ikizuiwa hivyo, amitriptilini hujikusanya katika damu, na kidonge chako kimoja kikafanya kazi ya zaidi ya kimoja. Zote mbili pia zinahitaji tahadhari kwa upande wa mapigo ya moyo. Sisemi kwamba ndicho kilichokuangusha bombani. Malaria peke yake inaangusha, na kutokula kunaangusha. Ila ulisema "ni malaria" ukafunga faili, na mimi ningependa lifunguliwe mbele ya daktari, maana kwetu huku malaria haiji mara moja ikaaga. Malaria usiache kuitibu. Nenda tu useme, "Nameza na hii," waamue wakijua.

Macho nayo nayawekea alama ya kuuliza. Dawa inaweza kufanya hivyo, ndiyo. Lakini una miaka 42, na huo ndio umri ambao mafundi wengi huanza kuusogeza mkono mbali ili waione sindano. Yawezekana ni vyote viwili. Kabla hujanunua miwani ya mezani pale sokoni, pimwa macho, na presha ya jicho nayo ipimwe, kwa sababu kuna watu wenye presha ya macho iliyojificha na dawa hii kwao ni hatari. Jicho likiuma ghafla, likawa jekundu, ukaona duara za rangi kuzunguka taa, usilale nalo. Vivyo hivyo ukishindwa kabisa kukojoa, tumbo likivimba bila choo wala ushuzi, ukizimia, au moyo ukiruka mapigo. Hayo si ya kuandikia barua, ni ya kwenda usiku huo huo.

Hapa lazima nikuulize jambo moja kwa moja, na usinione mkali. Katika usiku huo wote wa kuhesabu madeni, kuna usiku uliotamani usiamke? Umewahi kuitazama ile pakiti kwa jicho lingine? Kama ndiyo, hata mara moja, mambo yote yaliyobaki kwenye barua yangu yangoje. Mwambie mtu mmoja leo, mfike hospitali, na vidonge avitunze mtu huyo. Nimewauliza wengi swali hili, na kuuliza hakujawahi kumpandia mtu wazo hilo. Wengi hushusha pumzi kwamba mtu amethubutu kutaja.

Kuhusu uteja. Teja hutafuta dawa ili alewe, kipimo kinapanda, anaiba, anauza sufuria. Wewe umemeza kimoja kile kile miezi minne na unatamani kuacha. Ulichokutana nacho zile siku tatu ni mwili uliozoea kitu ukanyang'anywa ghafla: kichefuchefu, kichwa, hasira, usingizi kupotea kuliko mwanzo. Ndiyo maana dawa za aina hii huachwa kwa kushuka ngazi taratibu, wiki kwa wiki. Kwa hiyo zile siku tatu hazijathibitisha kwamba huwezi kuishi bila dawa. Hazijathibitisha pia kwamba unaihitaji. Zimeonyesha tu kwamba mlango uliotokea haukuwa wenyewe. Mtoto uliyemchapa, umwombe radhi, hata wa miaka mitatu anaelewa.

Sasa, njia. Naziona kadhaa na kila moja ina miiba yake.

Unaweza kuendelea na dawa hii ikiwa imerekebishwa. Umeniambia unameza saa tano na kuamka saa kumi na moja. Saa sita hazitoshi kwa dawa ambayo huchukua takribani siku nzima nusu yake kutoka mwilini. Waulize kama kumeza mapema, tuseme saa mbili usiku, kungekupunguzia uzito wa asubuhi. Kuna pia vidonge vya miligramu 10, hivyo kushuka si lazima uanze kukatakata kwa wembe. Faida ya njia hii ni kwamba usingizi unao tayari. Hatari yake ni kiuno kuendelea kutafuta inchi ya 38, na mambo ya chumbani kubaki yalivyo.

Unaweza kuiacha kwa kushuka polepole chini ya uangalizi. Mate yatarudi, choo kitarudi. Lakini usingizi wako haukuibwa na upungufu wa amitriptilini. Deni lipo pale pale, na saa nane ya usiku inaweza kurudi kukungoja. Unaweza pia kubadilishiwa. Zipo dawa nyingine za sonona, fluoksetini na setralini, hazikaushi mdomo kiasi hiki, ila kwa baadhi ya watu huchafua usingizi wiki za mwanzo, na hamu ya tendo la ndoa nazo huipunguza, pengine kuliko hii. Mtu akikushauri diazepam kwa kuwa "inalaza vizuri", hiyo ndiyo familia inayotengeneza uteja ulioniuliza.

Na kuna matibabu ya usingizi yasiyo na kidonge, ambayo kwa ukosefu wa usingizi wa muda mrefu wataalamu huyaweka mbele: kuamka saa ile ile kila siku hata kama hukulala, kitanda kiwe cha kulala tu na siyo cha kuhesabia marejesho, na usingizi ukikataa kama dakika 20, inuka, kaa kwenye kiti gizani, rudi ukisinzia. Wauguzi wa afya ya akili kwenye hospitali za wilaya na mkoa wengine wanaijua kazi hii. Ni ngumu, wiki mbili za kwanza utanitukana. Na hapa nakuonea huruma huku nacheka: unakunywa chai iliyokolea ili usilale, halafu unameza kidonge ili ulale. Majani ya chai uliyoyakoroga saa tatu, nusu ya nguvu yake bado imo kwenye damu yako saa nane, ile saa nane yako.

Mume wako amenikaa moyoni. Dawa inaweza kuikata hamu, hilo ni kweli. Lakini nikurudishe Desemba, kabla ya kidonge cha kwanza, ulipokuwa hulali na moyo unadunda. Hamu ilikuwepo? Sina jibu, unalo wewe. Mara nyingine tunageukia ukutani kwa sababu uso wetu una siri, na mtu akitukaribia sana ataisoma. Yeye ameuliza "Kuna mtu?" na kwa kiasi fulani hajakosea kabisa, kuna kitu kati yenu. Ni kausha damu.

Je, umwambie? Ukimwambia habari za dawa peke yake, utapumua kidogo, na swali lake litapata jibu la heshima, ila atauliza "wasiwasi wa nini?" na hapo uwe umejiandaa. Ukimwambia yote mawili kwa mpigo, huenda akapandwa hasira, huenda pia akashangaa kwamba umebeba mzigo huo miezi minane peke yako. Ukinyamaza, simu ya mkopeshaji inaweza kumwambia siku moja akiwa njiani Mikumi, na hiyo ndiyo naiogopa zaidi. Mimi simjui akikasirika anakuwaje. Wewe unamjua. Kama kuna hofu ya mkono, usiwe peke yako naye siku hiyo, awepo mshenga wenu au mtu mzima anayemsikiliza. Wapo wanaoanza kwa kwenda kliniki pamoja na kumwacha daktari aeleze sehemu ya dawa. Wapo waliotanguliza barua. Wewe barua unajua kuandika, nimeona.

Juu ya mkopo wenyewe mimi si mwanasheria, nitasema kidogo. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 wakopeshaji wanatakiwa kuwa na leseni, na Benki Kuu ndiyo inayosimamia. Una haki ya kuomba kuiona leseni na mkataba wenye riba iliyoandikwa. Wengine ukiwauliza hivyo sauti inashuka yenyewe.

Nirudi kwenye ile wiki ya nne ambayo hukurudi hospitali. Daktari hakuuliza, na wewe hukusema, na tangu hapo dawa imekuwa ikiendeshwa na pakiti tupu. Hakuna aliyekupima presha ukiwa umelala kisha umesimama, hakuna aliyeusikiliza moyo wako. Si lazima uende kwa yule yule kama imani imekwisha, lakini kwa yeyote utakayemwendea, nenda na kitu mkononi. Una daftari la vipimo vya wateja. Fungua ukurasa wa nyuma, andika vyako kwa siku saba: saa uliyomeza, saa uliyolala, saa uliyoamka, choo, kizunguzungu, chai vikombe vingapi, piriton ngapi, na inchi za kiuno, maana daktari ataiamini futi kamba yako kuliko neno "nimenenepa". Juu kabisa andika lile hukulisema Februari, kwamba silali kwa sababu ya deni. Ukiona haya kulitamka, mpe daftari asome.

Mpaka siku hiyo, asubuhi kaa ukingoni mwa kitanda kwanza, hesabu mpaka thelathini, ndipo usimame uende bombani. Maji, matunda, mboga za majani, kwa ajili ya tumbo. Chupa ndogo ya maji iwe kando ya cherehani. Usikate kitambaa cha mtu kabla ya saa nne.

Ukitoka kliniki niandikie walichosema. Na uniambie habari za kile kitenge kilichoko kabatini, kama mwenyewe ameshakiulizia. Mbele mbili zile ukipata kipande cha rangi moja kwa ajili ya mgongo, wasichana wa siku hizi wanauita mshono.